Ndege Iliyotiwa Kalafati

Nakiri. Ule wali na kuku wa ndegeni, uliofunikwa kwa karatasi ya fedha na kuletwa na msichana mwenye skafu shingoni, ambao nimeusimulia kwenye harusi tatu, mahafali moja na matanga ya shangazi yetu wa Mbau, sikuula. Sikuula kwa sababu sikuwemo. Kwa miaka ishirini na sita nimewaambia ndugu zangu kwamba nilisoma Maputo nikienda na kurudi kwa ndege, na aliyethubutu kuuliza mara mbili nilimtazama kwa huruma, jinsi msafiri anavyomtazama mtu wa nyumbani. Ukweli ni kwamba nilipanda machimbombo, basi la masafa marefu, siku tatu kwenda na siku tatu kurudi, miguu imevimba kama mikate. Na usidhani ni ukosefu wa tiketi. Tiketi ya ndege ilikuwa sehemu ya ufadhili wangu wa masomo. Mara ya kwanza niliibeba mpaka uwanja wa ndege wa Pemba, Pemba yetu ya Msumbiji, si ile ya Zanzibar, nikaiona ndege imesimama pale juani na kamlango kamoja, nikageuka na begi langu nikaenda stendi.

Uongo wenyewe ulianza kwa adabu. Likizo ya kwanza jirani aliniuliza, "Huko juu kukoje?" Nikajibu, "Kawaida tu." Neno "kawaida" ndilo lililonimaliza. Ukishasema jambo ni la kawaida, watu wanataka maelezo, na mimi sijawahi kumnyima mtu maelezo. Mwaka wa pili nikaongeza mawingu. Mwaka wa tatu nikaongeza rubani aliyetoka kuja kutusalimia. Nilipomaliza shahada nilikuwa na saa nyingi za angani kuliko marubani wengine.

Ningezikwa nazo saa hizo, lau si jicho la mama. La kulia lilikwishazimika zamani. La kushoto lilipatikana na presha, na daktari wa Pemba akasema bila kuzunguka: upasuaji wake unafanyika Maputo, ufanyike kabla mwezi haujaisha, na baada ya hapo hakuna la kupasua. Akatukabidhi barua na tarehe ya upasuaji. Akaongeza kwamba hospitali ya huko haimpokei mgonjwa wa namna hiyo bila msindikizaji, maana kuna dawa za kudondosha jichoni kila saa kwa siku kadhaa, na kuna karatasi za kutia saini. Kwa basi haiwezekani. Nyonga za mama hazivumilii hata safari ya kwenda sokoni, na barabara yetu siku hizi ni ya vizuizi na misafara ya kusubiriana.

Tukakaa kikao cha ukoo. Kaka yangu mkubwa akafungua na kufunga kikao kwa pumzi moja.

"Mama haendi peke yake. Haoni, na Kireno hajui. Na katika ukoo huu mwenyeji wa angani ni mmoja."

Wote wakanigeukia. Nikatabasamu kama mwenyeji.

Mimi ni msomi, na msomi akiogopa kitu hamwendei mganga, anakisoma. Nilijiambia kwamba hofu ni ujinga uliovaa nguo nzuri: nikielewa jinsi ndege inavyoshikana, nitapanda. Siku ileile tuliyotoka kwa daktari nilikuwa nimeona, katika duka moja la Pemba linalouza ndoo, makufuli na mikoba ya shule, boksi lililofifishwa na jua. Lilikuwa na picha ya ndege ya abiria, nyeupe, ikipasua mawingu. Ndani, vipande arobaini na moja vya plastiki vya kuunganisha mwenyewe. Pembeni waliandika kwamba linafaa umri wa miaka minane na kuendelea. Mimi nina arobaini na tisa, nikaona nimefuzu. Nilipata mtu wa kuniletea Palma, tunakokaa, na nyumbani nikatangaza kuwa ni zana ya kufundishia.

Boksi lilifunguka, na pamoja nalo elimu yangu. Vipande vilikuwa vimeshikana kwenye vijiti vya plastiki kama mtungo wa samaki, kila kimoja na namba yake. Maelekezo yaliandikwa kwa lugha sita. Kireno hakikuwemo, Kiswahili hata sikitaji. Gundi pia haikuwemo. Nikanunua kile kitubu kidogo cha gundi kali kinachouzwa kila kioski, na jioni ya kwanza nikafanikiwa kuunga vitu viwili kwa uimara wa kudumu: bawa la kushoto na kidole gumba changu. Nilisahihisha insha za darasa la kumi na moja nikiwa na bawa. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba elimu humpa mtu mabawa. Nikampa alama nzuri.

Nilitarajia kukuta siri fulani humo ndani, kitu kizito cha chuma cha kunituliza. Mwili mzima wa ndege ulikuwa maganda mawili matupu, la kulia na la kushoto, yanayobanana kama ganda la karanga. Basi. Ndani hewa tupu.

Jumamosi kaka akanikuta mezani. Lazima niseme kwamba kaka ni fundi wa vyombo. Nusu ya mashua zinazovua kule Macaloe zimetoka mikononi mwake, na hajawahi kuchora mstari hata mmoja kwenye karatasi. Anapima kwa shibiri na kwa jicho, na mashua zinakwenda. Karatasi za maelekezo anaziona kama udaku.

"Dotora," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nipate shahada, "unacheza?"

"Ni zana ya kufundishia, kaka."

"Wewe si unafundisha Kireno?"

"Kuna insha ya vyombo vya usafiri."

Akachukua ganda la kulia, akaligeuza kwenye mwanga. "Mkuku uko wapi?"

Mkuku ni ule mti wa chini ambao chombo chote hujengwa juu yake. Nikamwambia haina.

"Mataruma?" Akapitisha kidole ndani akitafuta mbavu. "Hamna mataruma. Sasa kinashikwa na nini?"

"Na gundi."

Akaliweka ganda mezani kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Kisha akauliza polepole, "Na humu ndimo unamompakia mama yetu?"

"Huu ni mfano tu, kaka. Ile yenyewe ina mbavu."

"Umeziona?"

"Nimeziona."

"Ukiwa umekaa ndani, ukaziona mbavu?"

"Walituonyesha," nikasema. Kuanzia pale nikawa na historia mpya: ndege inayowaonyesha abiria mbavu zake.

Siku mbili baadaye nilikuwa nimebananisha maganda, nimepachika mabawa na magurudumu, nikaiweka mezani kwa mbwembwe mbele ya kaka na mkewe. Ndege ikakaa kitako. Pua juu, mkia mezani, kama mbwa anayeomba mfupa. Nikaisukuma pua chini. Ikanisubiri nitoe mkono, ikakaa tena.

Wifi yangu akasema, "Imechoka kabla ya safari."

Kaka alicheka mpaka akashika ukuta. "Farumi!" akasema. "Umeunda chombo bila farumi! Hata mtumbwi wa watoto hutiwa jiwe!"

Na kweli, nilipoirudia karatasi ya maelekezo, palikuwa na mchoro wa kiduara cheusi ndani ya pua. Ni uzito unaotakiwa uwekwe pale kabla ya kufunga. Mimi, mwenye shahada mbili, nilidhani ni rubani.

Kaka akatoa mfukoni chubwi, kile kirisasi cha kuzamishia mshipi wa kuvulia. Tukaipasua pua kwa wembe, tukakitia ndani, tukaibana tena. Ndege ikasimama kwa magurudumu yote matatu, imetulia kama sheikh. Sikupenda jinsi kaka alivyoniangalia. Tangu dakika ile zana ya kufundishia ilikuwa na fundi mkuu, na fundi mkuu hakuwa mimi.

Basi Jumatano, nikiwa shule, fundi mkuu akaja kukagua kazi. Akainua ndege juani, akaona mwanga unapenya kwenye mshono pale tulipopasua. Fundi wa vyombo haombi ruhusa ya kuziba tundu, kama vile jirani haombi ruhusa ya kuzima moto. Akafanya lile ambalo baba alimfundisha na babu alimfundisha baba: akaitia kalafati. Alichovya pamba kwenye mafuta ya papa, akaisokota nyuzi nyembamba, akaishindilia kwenye mshono kwa ncha ya kisu, pua mpaka mkia. Halafu, kwa kuwa mtu hawezi kuacha kazi nusu, akaipaka mafuta hayohayo mwili mzima, mabawa na injini, ili jua lisiipasue.

Kwa asiyeyajua mafuta ya papa, ni maini ya papa yaliyoachwa juani mpaka yakajuta. Harufu yake ilinipokea nikiwa bado kwa jirani wa tatu. Nilipofika kibarazani ndege haikuwepo, na wifi alikuwa uani, mkono kiunoni, anatazama juu.

"Wifi! Ndege yako imepaa!"

Paka wake alikuwa juu ya bati la jikoni, ameishika ndege kwa kiuno, anaitafuna mkia kwa heshima zote. Hiyo ndiyo safari pekee ambayo chombo kile kiliwahi kufanya, na lazima nikiri kilikwenda vizuri. Kutua ndiko kulikuwa na matatizo. Wifi alimtishia paka kwa ufito, paka akaachia mzigo, na tukaokota injini moja kwenye sufuria la maharage.

"Ndege ya kuliwa na paka," wifi akasema akiifuta kwa kanga. "Na humo ndimo mnamtia mama mkwe wangu. Haya, mimi simo."

Kaka hakuona kosa lake. Alinionyesha mshono. "Angalia. Hata tone haliingii."

"Kaka, haisafiri majini."

"Mvua je? Huko juu ndiko mvua inakotoka."

Ningependa kusema kwamba kwa kazi ile yote hofu ilipungua. Sayansi inasema ingepungua. Zamani niliogopa ndege, jumla jumla, kama watu wote. Sasa niliogopa kila kipande kwa namba yake.

Mama alisikia zogo, akataka aletewe. Alikuwa amekaa mkekani, na nilimtilia ndege mikononi nikitegemea angesema "vizuri" na kunirudishia. Mama ni mke wa mvuvi na mama wa fundi. Aliipapasa kutoka puani kuja nyuma, taratibu, kila kiungo. Akainusa.

"Inanuka nyumbani," akasema, akaonekana kuridhika. "Mtu ni mkubwa kiasi gani humu?"

Nilikuwa nimepiga hesabu za ukubwa. "Kama punje ya mchele, mama."

"Mlango?"

"Huu hapa, mbele." Nikauelekeza mkono wake kwenye kitu ambacho baadaye niligundua ni mlango wa mizigo.

"Madirisha siyasikii."

"Yalikuwa ya kubandika, mama. Yamebanduka kwa mafuta."

"Ya kubandika? Picha ya dirisha?"

"Ni kwa huu mfano tu. Ile yenyewe ina vioo."

"Na ulipokuwa ukikaa kiooni uliona nini?"

"Mawingu."

"Yakoje?"

"Meupe."

"Hata sisi tunaokaa huku chini tunajua ni meupe, mwanangu."

Wifi akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa. Mama akaendelea kupapasa mpaka akafika pale mabawa yanapoungana na mwili, akatulia. "Mimi nitakaa hapa. Katikati ya chombo mtu harushwirushwi. Na wewe utakaa hapa." Kidole chake kikaniweka pembeni yake, juu ya bawa, mahali ambapo nilijua fika kwamba panashikwa na matone mawili ya gundi ya kioski.

Wiki iliyobaki niliitumia vizuri, kutafuta sababu. Nilimwendea mkuu wa shule nikamweleza kwamba kipindi hiki cha mitihani ni kigumu na ningeelewa kabisa kama asingeweza kuniruhusu. Akaniruhusu. Akatuombea dua mimi na mama, akanipa na siku mbili za nyongeza, mtu mkatili. Nikamwendea kaka karakanani, nikaanza kwa mbali: mtoto wa kiume ndiye nguzo, na mama angejisikia salama zaidi na mwanawe wa kwanza.

Aliacha kuranda ubao. "Mimi? Kwenye kitu kisicho na mataruma?"

"Unaogopa, kaka?"

"Naogopa sana," akasema, bila aibu hata kidogo, kama mtu anayesema ana njaa. "Ndiyo maana tunashukuru Mungu tunaye wewe."

Nikaenda zangu. Njiani nikawaza jinsi alivyolitamka neno lile. Herufi chache tu. Mimi lilikuwa limenishinda miaka ishirini na sita, kwa lugha nne.

Tulikwenda Pemba kwa gari la kukodi, mama amelazwa kiti cha nyuma juu ya mito, tukalala kwa jamaa, na asubuhi tukawa uwanjani mapema kuliko wafanyakazi. Mama alivaa kanga mpya na viatu vya Idi. Nilijaza fomu na kubeba mabegi, nikazungumza Kireno cha chuo kikuu na kila aliyevaa sare. Kwa nje nilikuwa mwenyeji halisi. Kupitia kioo cha ukumbi wa kusubiri niliiona. Nyeupe. Nikautafuta mshono. Upo, mbavuni, umenyooka kutoka puani kwenda nyuma.

Kijana wa uwanja akaja na kiti cha magurudumu, akasema wazee wanatangulia. Mama akaushika mkono wangu.

"Tangulia naye, mama," nikasema. "Napita chooni mara moja. Nakuja."

Akauachia. Nikamwangalia akisukumwa juani, kanga inapepea, mpaka walipomfikisha kwenye ngazi na kumpandisha.

Chooni sikwenda. Nilikaa kwenye benchi la mwisho, karibu na ndoo ya taka, nikaona abiria wote wakijipanga, wakapungua, wakaisha. Wakatangaza. Wakatangaza tena. Akili yangu ilifanya kazi kwa ufasaha wa ajabu. Iliniambia kwamba Maputo kuna watu wema, bila shaka mmoja atamsaidia mama kufika hospitali. Iliniambia hospitali huwa wanasema tu mambo ya msindikizaji, kwani watamfukuza bibi mzee mlangoni? Iliniambia hata jicho lenyewe huenda daktari alikuza mambo. Hapo hata mimi, niliyezoea kujiamini, sikujiamini. Na miguu yangu ikabaki pale pale, kama imetiwa gundi na mtu anayejua kazi.

Simu ikaita. Ni mama. Ana kisimu kidogo cha vitufe anachokijua kwa vidole.

"Nimekaa," akasema. "Katikati, kama nilivyotaka. Uko wapi?"

"Mama, tumbo. Tumbo limenivuruga ghafla, nafikiri nimekula—"

"Hujawahi kupanda, mwanangu."

Nikafungua mdomo kukana. Nina uzoefu.

"Nguo zako za likizo nilikuwa nazifua mimi," akasema. "Suuza ya kwanza maji mekundu, ya pili mekundu, ya tatu mekundu. Nikajiuliza, huko angani kuna udongo wa barabara?"

"Ulijua. Miaka yote hiyo."

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa unasimulia vizuri. Na wenzio walikuwa wakifurahi."

Nyuma yake nilisikia sauti ya kike ikimwambia jambo kwa Kireno, kwa upole lakini kwa haraka. Mama akamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, kama anayezungumza na kiziwi: "Anakuja! Mwalimu! Anakuja!" Kisha akarudi kwangu, chini chini.

"Huyu binti anataka kufunga mlango. Sikiliza. Mimi naogopa. Hapa panatetemeka na sioni kinachotetemesha. Jicho hili likipona, likose kupona, hilo ni la Mungu, ila sasa hivi nataka mtu wa kuniambia nini kinatokea. Wewe unaogopa?"

"Naogopa, mama," nikasema. Lilitoka kwa Kiswahili, dogo, kama kichubwi. "Naogopa sana."

"Vizuri. Basi simama."

Nikasimama. Kijana wa uwanja alikuwa mlangoni na orodha yake, akanipungia mkono kwa hasira. Nikachukua begi.

"Nimesimama. Ngoja nikate, nije."

"Usikate," mama akasema. "Tembea nayo."